static Si Dawa

Hawachoki vijana wanaojifunza kuandika programu kwa lugha ya Java kuniuliza swali lile lile: "Mwalimu, metodi hii imekwisha kupata jumla, mbona ile nyingine haiioni, nitie static?" Hasha! Swali lenyewe limekwenda upogo, kwani metodi haikuwekwa ichungulie vigeu vya metodi nyingine, bali ipokee hoja na kurudisha jibu; na hiyo static, ambayo aghalabu mtu huitia ili kompaila inyamaze, huficha kosa pasipo kuliondoa.

Tuchukue mfano wa hapa Tiira, ambako dhahabu ya wachimbaji wadogo hupimwa kwa gramu. Tuseme umeandika klasi iitwayo Mchimbaji, na ndani yake ukatangaza static double gramu. Akaja mchimbaji wa kwanza na gramu 2.4, zikaandikwa, akaja wa pili na gramu 0.9, zikaandikwa nazo. Kisha ukiuliza za yule wa kwanza ni ngapi, programu itakujibu 0.9 bila haya wala ilani, kwa sababu kigeu cha static ni mali ya klasi nzima, wala si cha mchimbaji huyu au yule, na wote hushiriki nafasi moja ya kumbukumbu. Fauka ya hayo, nyuzi mbili za programu zikikiongeza kwa wakati mmoja, huenda nyongeza moja ikapotea, na kosa la namna hiyo, lizukalo leo na kutoweka kesho, ni gumu mno kulinasa. Anayeiita static suluhisho na amlipe aliyedhulumiwa gramu zake 1.5.

Ijulikane kadhalika kuwa Java, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, hupitisha nakala ya thamani tu: ukipitisha int, namba yako haiguswi, ukipitisha obijekti, metodi hupata nakala ya rejeo, hivyo yaweza kubadili yaliyomo ndani yake, ila haiwezi kukielekeza kigeu chako kwenye obijekti nyingine.

Njia ni hizi. Kinachohitajiwa na metodi, kipitishe kama hoja: lipa(gramu, bei). Kilichohesabiwa, kirudishe kwa return, na anayeita akipokee. Kilicho sifa ya mchimbaji, kiwe kigeu cha obijekti yake. Majibu mawili au zaidi, yafunge katika record, iliyo rasmi tangu Java 16 ya mwaka 2021. static iachie yaliyo sawa kwa wote, mathalani gramu 1,000 za kilo, tena uitilie final.

Basi kabla hujaniuliza tena, soma mstari wa kwanza wa metodi yako, uhakikishe kila inachokihitaji kimetajwa humo.