Cheti cha Usalama katika Seva ya Barua Pepe: Suala la Jina na Mwenye Jina

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna cheti cha usalama kinavyowekwa katika seva ya barua pepe. Hoja yake ni kwamba kazi hii, ambayo kwa kawaida huachiwa mafundi wa mitambo, ni kazi ya majina kwa kiasi kikubwa. Cheti ni kauli ya ushuhuda: husema kwamba ufunguo fulani ni wa mwenye jina fulani, wala hakisemi zaidi ya hapo.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa kidogo. Cheti limetoholewa kutoka Kihindi, likapokelewa katika ngeli ya KI-VI kwa sababu ya umbo lake, na limetumika pia kwa maana ya waraka mfupi ambao mtu hupewa akauonyeshe aendako. Hati, lenye asili ya Kiarabu, husisitiza maandishi. Cheti husisitiza kule kuonyeshwa. Kwa dhana inayojadiliwa hapa, cheti ndilo linalofaa zaidi.

2.0 Kinachoshuhudiwa

Itifaki ya kupelekea barua pepe, SMTP, iliwekwa mwaka 1982 bila njia yoyote ya kusimba, yaani kuyageuza maandishi yasisomeke na asiye na ufunguo. Amri ya STARTTLS, iliyosanifishwa kwa SMTP mwaka 1999, iliziwezesha kompyuta mbili kuanza mazungumzo waziwazi kisha kukubaliana kusimba yanayofuata. Hata hivyo, usimbaji peke yake haumtambulishi anayesikiliza upande wa pili. Hapo ndipo cheti kinapohitajika. Seva huwa na funguo mbili zinazokwenda pamoja: wa siri, usiotoka katika mtambo, na wa wazi, unaoandikwa ndani ya cheti pamoja na jina la seva. Mamlaka ya vyeti hutia saini juu ya hayo mawili.

Tangu Desemba 2015 mamlaka iitwayo Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti kwa umma bila malipo. Kabla ya kutoa, hutaka ithibati kwamba mwombaji analimiliki jina analoliombea: aweke faili maalumu mahali inapoweza kusomwa kupitia mlango wa 80, au aongeze rekodi katika mfumo wa majina ya vikoa. Seva ya barua mara nyingi haina tovuti, kwa hiyo njia ya pili huifaa zaidi.

3.0 Jina Lipi?

Tuchukue anwani idara@example.org. Aisomaye hudhani kwamba seva inaitwa example.org. Sivyo. Hilo ni jina la kikoa; rekodi ya MX ya kikoa hicho ndiyo itajayo mtambo unaopokea barua, tuseme posta.example.org. Watumishi nao, katika programu zao za kusomea barua, huenda wameandika imap.example.org. Mtambo ni mmoja, majina ni matatu.

Programu hailinganishi maana, hulinganisha herufi. Kwake visawe havipo. Cheti kilichoombwa kwa ajili ya tovuti ya example.org kikihamishiwa katika seva ya barua, kitakuwa halali kwa kila kigezo isipokuwa kile kimoja kinachotakiwa. Dawa ni ama kuyaorodhesha ndani ya cheti majina yote yanayotumika, jambo linaloruhusiwa, ama kuwaagiza watumiaji wote watumie jina moja. Njia ya pili ni bora, ingawa huhitaji subira: majina ya ziada husahaulika wakati wa kuhuisha cheti.

Madhara ya kosa hili si madogo. Mtumiaji anayeonyeshwa onyo kila asubuhi hujifunza kubonyeza "endelea" bila kusoma. Siku atakapojitokeza laghai halisi kati yake na seva, onyo litakuwa lilelile, na nywila itakwenda kwa laghai.

4.0 Uwekaji

Katika programu ya Postfix hutajwa mahali lilipo faili la cheti na mahali ulipo ufunguo wa siri. Faili la cheti liwe na vyeti vya kati vinavyokiunganisha na mamlaka kuu. Vikikosekana, baadhi ya programu zitakikataa na nyingine zitakikubali, hali inayowachanganya sana wachunguzi. Ufunguo usomwe na msimamizi mkuu wa mtambo pekee, lakini usifungwe kwa nywila, kwa kuwa programu itauhitaji hata umeme unaporudi usiku wa manane pasipo mtu. Kigezo smtpd_tls_security_level kipewe thamani may, maana kulazimisha usimbaji katika mlango wa 25 ni kuzikataa barua za seva zisizouweza. Milango ya watumiaji, 587 na 465, ndiyo ya kulazimishwa.

Dovecot, inayowahudumia wasomaji wa barua, ina jambo litakalomvutia mwanaisimu. Hadi toleo la 2.3, mahali pa faili la cheti hutanguliwa na alama <. Alama hiyo ikisahaulika, programu huyachukua maneno ya anwani ya faili kuwa ndiyo cheti chenyewe. Ni tofauti ileile ya kulitaja neno na kulitumia. Toleo la 2.4 limeiondoa alama hiyo.

Vyeti vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, na kwa uamuzi wa mwaka 2025 cheti chochote cha umma kitakachotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2029 hakitazidi siku 47. Uhuishaji kwa mkono hautawezekana tena. Ikumbukwe pia kwamba programu nyingi husoma cheti zinapoanza kazi tu. Zisipoamriwa kukisoma upya, zitaendelea kuonyesha kilichokwisha muda.

Kati ya seva na seva hali ni tofauti. Huko, kwa desturi, jina halikaguliwi, na barua husimbwa hata kwa cheti kisicholingana. Kanuni ya MTA-STS ya mwaka 2018 inakiwezesha kikoa kutangaza kwamba ukaguzi ni lazima. Kikoa kikishatangaza hivyo, jina lisipolingana hakuna onyo litakaloonekana kwa yeyote: seva inayoiheshimu kanuni hiyo huiweka barua foleni, hujaribu tena na tena, na hatimaye humrudishia aliyeituma.