UZI: Kwa nini Mahakama ya Rufaa humwachilia mtu aliyefungwa kwa mauaji?

1/ Mwanasiasa akisema "mahakama zinaachilia wauaji", umati hupiga makofi. Watu wa Migori na Homa Bay wanaijua hii hasira. Hebu tuelewe kwanza, halafu tubishane.

2/ Kenya, kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, si hakimu. Migori iko na yake, Homa Bay pia. Ukipatikana na hatia, Katiba, Kifungu 50(2)(q), inakupa haki ya kukata rufaa. Za pande hizi kwa kawaida huenda Mahakama ya Rufaa, Kisumu.

3/ Rufaa ya kwanza si kupiga muhuri tu. Kesi ya Okeno ya 1972 ilisema majaji lazima wapime ushahidi wote upya, wakikumbuka kwamba wao hawakumwona shahidi akiongea.

4/ "Lakini kulikuwa na shahidi!" Sawa. Sheria ya Ushahidi, kifungu 143, haidai idadi. Hata mmoja anaweza kutosha. Ila akiwa mmoja na ilikuwa usiku, kesi ya Maitanyi ya 1986 inataka maswali: mwangaza ulikuwa wa nini? Koroboi, tochi, mbalamwezi? Ulikuwa mkali kiasi gani? Ulikuwa upande gani wa mshukiwa?

5/ Mfano wa kubuni: mama anasema alimtambua jirani kwa mbalamwezi. Lakini siku ya kwanza polisi walipomuuliza, hakutaja jina. Alilitaja baada ya siku nne, kijiji kikiwa kimeshaanza kunong'ona. Si lazima awe muongo! Shahidi mkweli hukosea pia, tena bila kusitasita. Kesi ya Turnbull, Uingereza 1976, ilionya hivyo hata kwa watu tunaowajua, na majaji wetu bado huitumia.

6/ Kuachiliwa hapa maana yake ni kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi bila shaka yoyote ya maana. Na saa zingine mahakama huagiza kesi isikizwe upya.

7/ Familia iliyofiwa iko na haki ya kukasirika. Wamezika, wamengoja miaka, halafu mtu anarudi kijijini. Lakini tuulize: nani aliandika taarifa nusunusu? Shahidi aliyekuwa hapo mbona hakuitwa? Asiye na hatia akiwa jela, muuaji yuko nje na hakuna anayemtafuta. Hiyo si haki kwa marehemu.

8/ Kwa hivyo mgombea akija na wimbo wa "majaji wabaya", muulize: utapigania pesa za wapelelezi na za kulinda mashahidi? Kama hana jibu, anataka makofi tu.

Mwisho. Mwenye swali, uliza hapa chini, bila matusi.