Chakula cha Mtoto Shuleni: Faida ya Kuchanganya

Mtoto mdogo anayefungiwa mhogo wa kuchemsha kila siku hushiba, lakini hapati vyote vinavyohitajiwa na mwili unaokua. Mhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana. Mahindi yana protini zaidi, ila yamepungukiwa na laisini, asidi ya amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana laisini kwa wingi. Hiyo ndiyo siri ya makande: kila kimoja hufidia upungufu wa mwenzake.

Maharage yana pia madini ya chuma, ingawa chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Vitamini C ya chungwa, ikiliwa katika mlo uleule, hurahisisha kazi hiyo; chai huizuia. Mtoto aliyekosa chuma cha kutosha hupatwa na upungufu wa damu, akachoka upesi na kushindwa kuzingatia somo.

Bakteria huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Sentigredi. Kwa hiyo makande yafungwe yakiwa moto katika chombo kinachohifadhi joto, na chungwa limenywe wakati wa kula. Siku ya pili, wali, kunde na pera hufanya kazi ileile, wala mtoto hakinai.