Nani hulipa timu ikizuiliwa ugenini?

Februari 2021 Namungo FC, klabu ya Ruangwa mkoani Lindi, ilipanda ndege kwenda Luanda kukabiliana na Primeiro de Agosto ya Angola katika Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi haikuchezwa. Wenyeji walisema baadhi ya watu katika msafara wamekutwa na virusi vya corona, wakawekwa karantini, na mpambano ukafutwa. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likaamua mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Tarehe 21 na 25 Februari, katika Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, Namungo ilishinda 6-2 kisha ikafungwa 3-1, ikafuzu hatua ya makundi kwa jumla ya mabao 7-5.

Mashabiki wanayakumbuka mabao. Watu wa hesabu wana la ziada la kukumbuka: timu iliyolipia safari ya mechi isiyokuwapo, wenyeji waliopoteza mechi ya nyumbani, na jiji la tatu, mbali na Luanda na Ruangwa, lililopata wageni ambao halikuwa limewapangia.

Biashara ya mashindano ya kimataifa ina makao yake katikati ya Dar es Salaam. Yanga, iliyoanzishwa 1935, ina jengo lake Mtaa wa Twiga na Jangwani. Simba, iliyoanzishwa 1936, iko Mtaa wa Msimbazi. Zote ni Kariakoo. Jezi zinauzwa kwenye maduka na meza za machinga wa mitaa hiyo hiyo. Kuelekea baharini, upande wa Posta na Kivukoni, kuna ofisi za mashirika ya ndege, mawakala wa tiketi, benki na hoteli. Timu ikienda ugenini au ikipokea mgeni, fedha hupita katika eneo hili ambalo mtu hulimaliza kwa miguu chini ya saa moja. Janga la corona lilionyesha ni nani katika mnyororo huo anabeba hasara safari inapokatika, lakini swali la nani anapaswa kuibeba halijapata jibu hadi leo, huku Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la 2027 likisubiriwa.

Mlango wazi, njia haipitiki

Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona Machi 16, 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimamisha shule na mikusanyiko, na Ligi Kuu nayo ikasimama. Aprili ndege za abiria za kimataifa zilizuiwa, lakini Mei 18 anga likafunguliwa, mapema kuliko kwa majirani wengi. Ligi ilirejea Juni 13, na Simba ikamaliza msimu ikiwa bingwa.

Kwa mwenye hoteli au mwandaaji wa mechi, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Mgeni angeweza kutua Dar. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa safari, kwa sababu ruhusa ya kuruka hutolewa na nchi mbili, na nchi ya pili ilikuwa na hesabu zake. Kenya ilipofungua anga lake Agosti 1, 2020, Tanzania haikuwamo katika orodha ya nchi ambazo abiria wake wangeingia bila karantini. Siku hiyo hiyo Tanzania ikaizuia Kenya Airways kutua, na baadaye mwezi huo mashirika mengine matatu ya Kenya yakafuata. Mvutano ulikwisha katikati ya Septemba. Kwa wiki sita na ushee, njia ya Dar na Nairobi haikuwa na ndege za Kenya Airways, na abiria wa Dar waliokuwa wakiunganisha safari Nairobi walitafuta njia nyingine.

Mwaka 2021 orodha ziliongezeka. Uingereza iliwazuia wasafiri kutoka Tanzania Januari 22, na nchi ikabaki katika orodha nyekundu hadi Oktoba 11. Mkazi wa Uingereza aliyerudi akitokea nchi ya orodha hiyo alikaa hotelini kwa karantini kwa gharama yake, na kuanzia Agosti 12 mtu mzima mmoja alilipa pauni 2,285. Oman nayo ilifunga mlango kwa Tanzania na nchi nyingine tisa kuanzia Februari 25. Kwa soko kama Kariakoo, lenye ndugu na wabia Muscat, katazo hilo lilikata safari za biashara na za kifamilia kwa pamoja.

Hesabu za Msimbazi

Katikati ya vikwazo hivyo Simba ilicheza moja ya misimu yake bora ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Iliitoa Plateau United ya Nigeria, ikaitoa FC Platinum ya Zimbabwe kwa ushindi wa 4-0 nyumbani baada ya kufungwa 1-0 Harare, kisha ikaongoza kundi lenye Al Ahly, AS Vita na Al Merrikh kwa pointi 13. Februari 23, 2021, bao la Luis Miquissone liliiangusha Al Ahly, bingwa mtetezi, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Tazama ramani ya safari hizo: Jos, Harare, Kinshasa, Omdurman, Cairo, Johannesburg. Katika mwaka wa kawaida, meneja wa timu hununua tiketi za kundi, hulipia hoteli na kuomba viza. Msimu huo kila safari iliongezewa vipimo kabla ya kuondoka, vipimo vingine kabla ya mechi, na hofu kwamba mchezaji tegemeo angekutwa na virusi saa chache kabla ya kuingia uwanjani na kulazimika kukaa nje. Klabu ilihitaji kusafiri na wachezaji wa akiba wa kutosha, na kila kitanda cha ziada kina bei yake.

Upande wa mapato nako kulibana. Idadi ya mashabiki ilipangwa na CAF, si na klabu, na uwanja unaochukua watu 60,000 haukuweza kujazwa. Kwa klabu za Afrika hilo ni pigo, kwa kuwa mechi kubwa ya nyumbani ndiyo hurudisha gharama ya safari mbili au tatu za ugenini. Robo fainali iliishia mikononi mwa Kaizer Chiefs: Simba ilifungwa 4-0 Johannesburg, ikashinda 3-0 Dar, ikatolewa kwa bao moja. Zawadi ya CAF kwa aliyeishia hatua hiyo ilikuwa dola 650,000, kama shilingi bilioni 1.5 kwa bei ya dola ya wakati ule. Ni fedha nzuri, lakini huja baada ya safari kulipiwa. Klabu isiyo na mfadhili wa kutanguliza mtaji haiwezi kuisubiri.

Kaizer Chiefs wenyewe walikuwa wameonja machungu hayo. Februari 2021 Morocco iliwanyima viza kwa sababu ya aina mpya ya virusi iliyokuwa imeenea Afrika Kusini, na mechi yao ya ugenini dhidi ya Wydad Casablanca ikahamishiwa Ouagadougou. Wydad walishinda 4-0, lakini walicheza “nyumbani” wakiwa Burkina Faso, bila uwanja wao na bila biashara ya jiji lao.

Hapo ndipo Dar ilipofaidika. Mbali na mechi mbili za Namungo, Agosti 2021 jiji lilipokea Kombe la Kagame, lililokuwa limefutwa mwaka uliotangulia, na Express ya Uganda ikalitwaa. Jiji ambalo mgeni anaweza kutua bila kukwama lilikuwa bidhaa adimu, na Dar ilikuwa nayo.

Jezi, kontena na WeChat

Wauza jezi walikuwa na mipaka yao ya kuhesabu. Mzigo mwingi wa nguo za michezo unaouzwa Kariakoo hutoka China, na kwa miaka mingi mfanyabiashara alikwenda Guangzhou mwenyewe, akashika kitambaa, akabishana bei na kusimamia upakiaji. Machi 28, 2020 China ilizuia wageni wengi kuingia, na karantini kwa wanaoingia haikuondolewa hadi Januari 8, 2023. Karibu miaka mitatu.

Biashara haikufa, ilihamia kwenye simu. Waagizaji walichagua mzigo kwa picha na video za WeChat, na wenye ndugu au mawakala wanaoishi Guangzhou waliwatumia kukagua. Aliyekuwa na mtandao alisonga mbele. Mwenye mtaji mdogo, ambaye zamani alichangia gharama za safari na wenzake, akageuka mteja wa muagizaji mkubwa. Bei ya kusafirisha ikapanda juu ya yote hayo: Septemba 2021 kipimo cha dunia cha kampuni ya Drewry kilivuka dola 10,000 kwa kontena la futi 40.

Jezi ina shida ambayo shati la kawaida halina: ina tarehe ya kufa. Msimu ukiisha, au mdhamini akibadilika, thamani yake hushuka usiku mmoja. Mzigo uliochelewa miezi miwili baharini ulimkuta muuzaji akiwa na jezi ambayo timu imeshaivua.

Kwa nini wa barafu waliweza

Michezo mingine ilipata njia ya kukwepa safari, na mfano wa wazi uko mbali kabisa na joto la Dar: kuteleza kwenye barafu kwa madoido. Mashindano ya dunia ya Montreal yalifutwa Machi 2020. Msimu uliofuata chama cha kimataifa cha mchezo huo, ISU, kiliamua kila hatua ya mfululizo wake wa Grand Prix ishirikishe zaidi wachezaji wa nchi husika na wale wanaofanya mazoezi huko. Las Vegas, Chongqing, Moscow na Osaka zikaandaa. Canada na Ufaransa zikashindwa, na fainali iliyopangwa Beijing haikufanyika. Machi 2021 mashindano ya dunia yalifanyika Stockholm bila watazamaji.

Hilo liliwezekana kwa sababu mchezaji wa barafu hashindani ana kwa ana. Anapewa alama na majaji, na fedha kubwa ya mchezo hutoka kwenye televisheni. Soka ya mtoano haina njia hiyo. Simba haiwezi kucheza na Al Ahly kila mmoja akiwa kwake. Lazima mmoja apande ndege.

Lakini somo la televisheni linabebeka. Mei 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, mkataba wa miaka 10 wa haki za Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hiyo haitegemei tiketi ya ndege wala idadi ya waliopita getini. Ni kinga kwa ligi ya ndani. Kwa mashindano ya CAF, ambako klabu hutegemea zawadi na viingilio, kinga ya namna hiyo bado ni nyembamba.

2027: mipaka mitatu, shindano moja

Kuna tarehe ambazo waandaaji wa Afrika Mashariki wangefaa kuzibandika ukutani. Fainali za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, zilizopewa Kenya, Tanzania na Uganda, zilipangwa kuanza Februari 1, 2025. Januari 14 CAF ikaziahirisha hadi Agosti ili viwanja na miundombinu vikamilishwe. Siku sita baadaye Tanzania ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Januari 30 Uganda ikatangaza Ebola Kampala. Kama viwanja vingekuwa tayari kwa wakati, mashindano yangeanza nchi mbili kati ya tatu zikiwa na milipuko ya magonjwa hatari, na timu zikivuka mipaka kila baada ya siku chache. Agosti mambo yalikwenda vizuri, ufunguzi ukafanyika Uwanja wa Mkapa na fainali Kasarani, Nairobi. Bahati ilisaidia, na bahati haiwekwi kwenye bajeti.

AFCON ya 2027 imepangwa katika nchi hizo hizo. Ni mashindano makubwa zaidi, yenye timu 24, wadhamini wakubwa na mashabiki kutoka bara zima. Mzozo wa anga wa Agosti 2020 ulithibitisha kwamba Nairobi na Dar zinaweza kufungiana kwa sababu ya orodha moja tu. Kinachohitajika kinaweza kuandikwa kwenye karatasi leo: cheti kimoja cha afya kinachotambuliwa na nchi zote tatu, utaratibu wa karantini unaojulikana kabla timu haijatua, na kifungu kinachosema nani analipa mechi ikihamishwa au msafara ukizuiliwa.

Kisha kuna bima. Waandaaji wa Wimbledon walipofuta mashindano ya 2020 waliripotiwa kulipwa zaidi ya pauni milioni 100, kwa sababu walikuwa wakilipia bima ya janga kwa miaka mingi kabla ya corona kuzuka. Baada ya 2020 bima ya aina hiyo imekuwa ghali na adimu, hivyo klabu moja ya Kariakoo haitaimudu. Serikali tatu na CAF kwa pamoja zinaweza kuijadili, lakini kampuni ya bima hukubali kuuza kinga kabla ya hatari kuonekana. Ugonjwa ukishatangazwa, kila atakayefika mezani atakuta bei imeshapanda au dirisha limefungwa, na hasara itarudi kwa wale wale walioibeba 2021: klabu, wakala wa tiketi na muuza jezi.