Kipaji ni cha mtoto, gharama ni ya familia nzima

Mtoto akichaguliwa timu ya shule, nyumbani huwa ni shangwe. Shangazi anapigiwa simu, majirani wanaambiwa, na baba anatembea kifua mbele. Hesabu huja baadaye, polepole: leo njumu, kesho jezi, wiki ijayo nauli ya matatu kutoka Othaya au Karatina hadi uwanja wa Ruring'u mjini Nyeri.

Tuchukue mfano mdogo tu. Ikiwa nauli ya kwenda na kurudi ni Sh200, na mazoezi ni mara tatu kwa wiki, hiyo ni Sh600. Muhula wa wiki 13 utameza Sh7,800, na bado hujanunua hata kamba ya kiatu. Isitoshe, mtoto anayekimbia hula zaidi, na mguu wake unaweza kukua kabla njumu hazijachakaa.

Akifanya vizuri, gharama nazo hupanda. Michezo ya shule za upili hupitia kaunti ndogo, ikaenda kaunti, eneo la Kati, kisha taifa. Mabingwa huvuka hadi mashindano ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2024 yaliandaliwa Mbale, Uganda. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya upili uliwekwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka, na michezo ni fungu dogo tu humo. Likichelewa, macho yote humgeukia mzazi.

Na mzazi wa Nyeri ana shida nyingine: kalenda. Bonasi ya majani chai huja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba hivi. Kahawa nayo huvunwa kwa wingi kati ya Oktoba na Desemba, na malipo yake hukawia miezi kadhaa. Lakini mashindano mengi hufanyika muhula wa kwanza na wa pili. Yaani, filimbi inapulizwa wakati mfuko ni mtupu.

Pengo hilo huzibwa kwa mkopo wa chama, kwa kuuza mbuzi, au kwa kumwambia mdogo wake mchezaji avumilie kiatu kilichotoboka. Huyo mdogo hapewi medali. Pia kuna wachezaji wanaoacha ghafla, wakisema mchezo umewachosha. Kocha hudhani ni uvivu, kumbe kijana alimwona mama akihesabu sarafu.

Ukiangalia majina makubwa ya huku kwetu, utaona kwamba familia haikubeba mzigo peke yake. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri, aliajiriwa na Idara ya Magereza mwaka 1994 na kuingia timu yake ya riadha. Baadaye alishinda Boston Marathon mara nne. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alienda Japan mwaka 2002 akiwa na miaka 15, akasomea huko kwa sababu ya mbio zake. Mwaka 2008 jijini Beijing akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika marathon. Miguu ilikuwa yao, lakini kuna mtu aliyefungua mlango na kulipia njia.

Kwa hivyo kijana, kabla msimu haujaanza, keti na wazazi mwandike kila kitu: nauli, viatu, chakula, matibabu ukiteguka. Muulize kocha mapema shule italipa nini na nyumbani watatoa nini. Njumu zilizokubana mpe mwenzako, nawe usione haya kuvaa zilizotumika. Mkiwa watatu kutoka kijiji kimoja, wazazi wenu waelewane na dereva mmoja wa matatu.

Na pesa zikikosekana, usipotee tu mazoezini. Mwambie kocha ukweli. Huenda akawa na njia ambayo nyumbani hawaijui, na hata akiikosa, atajua kwamba hukuacha kwa kukosa moyo.