Kosa la Daftari Laweza Kuhamisha Duara la Dhahabu

Mfanyabiashara anayetaka kutia fedha katika duara la dhahabu, liwe la Mbogwe, Nyang'hwale au Kahama, kwanza huuliza habari za mwamba na bei ya gramu. Maswali hayo ni ya haki, lakini fedha nyingine hupotelea ndani ya daftari la leseni.

Leseni ndogo ya uchimbaji, ile inayoitwa PML huko machimboni, hupewa Mtanzania tu, kwa miaka 7, na eneo lake kwa dhahabu halizidi hekta 10. Siku hizi kumbukumbu zake zimo katika kompyuta za Tume ya Madini. Kila leseni ina namba, jina la mmiliki, tarehe, wilaya na vipimo vya pembe za kitalu. Anayerekebisha kimojawapo amegusa mali ya mtu.

Hatari kubwa iko kwenye vipimo. Ramani za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. Vifaa vya GPS, pamoja na simu za mkononi, hutumia mfumo wa WGS84 visipobadilishwa. Huku Kanda ya Ziwa, namba zilezile zikisomwa kwa mfumo usio wake huangukia karibu mita 300 mbali. Sasa piga hesabu: kitalu cha hekta 10 chenye pande sawa kina upande wa mita 316 hivi. Mwandishi wa daftari akichanganya mifumo, kitalu karibu chote kinahamia kwa jirani na duara lenye mali linabaki nje ya leseni, ingawa hakuna tarakimu hata moja iliyokosewa.

Majina ya mahali nayo yana mtego. Mkoa wa Geita ulianza mwaka 2012, ukichukua Geita yenyewe kutoka Mwanza, Chato kutoka Kagera, na eneo la Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga. Hati ya mwaka 2008 inayosema "Bukombe, Shinyanga" ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa. Karani akifuta Shinyanga na kuandika Geita, karatasi ya mwenye leseni haitalingana tena na kompyuta, na hapo ndipo madalali wa ugomvi hupata kazi. Afadhali liachwe jina la zamani, kando yake iongezwe nafasi ya mkoa wa sasa.

Kompyuta pia haijui Kisukuma. Kwake Ng'wandu na Mwandu ni watu wawili, na Nyang'hwale bila kile kialama cha juu ni wilaya nyingine. Kabla ya kuunganisha kumbukumbu mbili, linganisha namba ya kitambulisho cha taifa au ya mlipa kodi, usitegemee jina.

Kila rekebisho liache alama: ilivyokuwa kwanza, ilivyo sasa, nani kabadili, lini, kwa hati gani. Mstari uliofutwa kabisa hauwezi kuamua kesi.

Kwa mwenye fedha zake, ushauri wetu ni huu. Chukua namba ya leseni, uitazame katika daftari siku ileile ya kulipa, kisha nenda machimboni na mpimaji. Muulize kifaa chake kimewekwa mfumo gani kabla hajasimama kwenye bikoni ya kwanza.