Upasuaji wa Urembo: Wiki Zisizoonekana Katika Picha

Ukipita Kariakoo hukosi mtu wa kukuuzia umbo jipya. Ziko krimu, viko vidonge, ziko sindano ambazo mitaani zote huitwa kwa jina moja la "mchina". Siku hizi yako pia matangazo ya simuni yenye picha mbili za tumbo moja, kabla na baada, pasipo neno lolote juu ya wiki zilizopita katikati ya picha hizo. Makala haya yanahusu wiki hizo. Tumeyaandika kwa kuwa mlaji anayeulizia huduma hii huambiwa bei kwanza na maumivu mwisho, kama huambiwa kabisa.

Hatuandiki ili kumkataza mtu, wala kumcheka. Mwanamke ambaye ngozi ya tumbo imelegea baada ya kuzaa mara tatu, au mwenye matiti mazito yanayomuumiza mgongo na mabega kila siku, ana haja ya kweli, na haja hiyo haipaswi kuitwa majivuno. Upasuaji wenyewe haukuanzia kwenye urembo. Harold Gillies na wenzake walitengeneza upya nyuso za askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1917 ikafunguliwa hospitali maalumu kwa kazi hiyo huko Sidcup, Uingereza. (Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyotuachia jina la Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps.) Hapa Dar es Salaam watoto wenye mdomo sungura wamekuwa wakipasuliwa katika hospitali ya CCBRT, Msasani, na mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilianza kutoa upasuaji rekebishi unaojumuisha kupunguza matiti na kuondoa mafuta mwilini. Kwa hiyo mkazi wa Magomeni anayetaka huduma hii leo halazimiki kupanda ndege. Barabara ya Morogoro inamfikisha.

Kwanza ni vema kujua upasuaji huu hauwezi nini. Kunyonya mafuta si tiba ya unene. Daktari mwangalifu huondoa kiasi kidogo katika sehemu ambazo zimekataa kupungua, na kadiri kiasi kinavyozidi lita 5 ndivyo hatari inavyopanda na ndivyo mgonjwa anavyopaswa kulazwa na kuangaliwa kwa karibu. Anayetaka kupunguza uzito wenyewe ana njia nyingine za kujadili na daktari, ikiwamo puto linalowekwa ndani ya tumbo la chakula, ambalo halihitaji kisu. Na aliyekusudia kuzaa tena asubiri, kwa sababu mimba huweza kuivuta upya ngozi iliyokwisha kukazwa. Upasuaji wa kupunguza matiti nao huweza kupunguza uwezo wa kunyonyesha, jambo ambalo msichana wa miaka ishirini anastahili kuambiwa wazi kabla hajatia sahihi.

Tumchukulie mama anayeishi Magomeni Mapipa na mwenye fremu ya kuuzia madera Mtaa wa Kongo. Amezaa watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne, naye ameamua kukatwa ngozi iliyozidi tumboni na kukazwa misuli. Ziara yake ya kwanza kwa daktari isiwe ya kulipa. Iwe ya kuulizwa na kuuliza. Ataulizwa juu ya sukari, shinikizo la damu, pumu, selimundu, dawa anazomeza, vidonge vya uzazi wa mpango, na sigara. Mvutaji hutakiwa kuacha angalau wiki nne kabla, kwa sababu sigara huzuia damu kufika kwenye jeraha na ngozi huweza kufa kando ya mshono. Ataulizwa pia kama kovu lake lolote la zamani, hata la kutoboa sikio, limewahi kuvimba na kuota nyama. Kovu hilo, ambalo madaktari huliita keloidi, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na anayelijua mwilini mwake asilifiche. Asifiche pia miti shamba anayoinywa. Baadhi yake, kama aspirini, huifanya damu ichelewe kuganda.

Yeye naye aulize. Nani hasa atanipasua, na amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kama bingwa wa fani gani? Nani atanipa dawa ya usingizi, naye atakaa chumbani mpaka mwisho? Jengo hili lina kibali cha kufanya upasuaji? Nikizidiwa usiku nitapelekwa wapi? Kovu litapita wapi na litakuwa na urefu gani? Katika upasuaji huu jibu la kweli la swali la mwisho ni kwamba kovu hutoka nyonga hadi nyonga, chini ya mstari wa chupi. Mtoa huduma anayesema hakutakuwa na kovu ameshajieleza mwenyewe, na mteja anaweza kuinuka pale pale.

Siku ya upasuaji hatakula kwa muda wa saa sita kabla ya nusu kaputi. Kazi yenyewe huchukua kati ya saa mbili na nne. Atazinduka akiwa na kichefuchefu, koo kavu, tumbo lililofungwa, na mara nyingi mirija miwili ya kutolea majimaji ikining'inia ubavuni. Wengi hushtushwa na jambo dogo kuliko hayo yote: hawawezi kusimama wima. Kwa siku kadhaa, pengine wiki nzima au zaidi, atatembea ameinama kama ajuza, na atalala chali magoti yakiwa yameinuliwa kwa mito.

Hapo ndipo nyumba zetu zinapoingia katika hesabu. Katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja na choo cha kuchuchumaa, mgonjwa wa tumbo hawezi kujisaidia peke yake kwa siku za mwanzo. Atahitaji kiti cha choo cha kuhamishika, au mtu wa kumshika. Hawezi kuchota maji, hawezi kuinua ndoo, hawezi kumbeba mtoto wa miaka minne anayelia. Hawezi kusimama katika mwendokasi la saa kumi na mbili asubuhi, wala kurukishwa na bodaboda kwenye matuta. Kazi nyepesi ya kukaa huweza kurejewa baada ya wiki mbili au tatu; kuinua mizigo mizito hungoja takribani wiki sita. Robota la madera ni mzigo mzito. Mwenye fremu aliyepanga kurudi dukani siku ya nane kwa sababu kodi inadaiwa amepanga kuachia mshono, na gharama ya kushonwa upya haimo katika bei aliyoambiwa. Kwa maoni yetu, fedha ya kumlipa msaidizi wa duka kwa wiki sita ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya upasuaji, na isipopatikana, tarehe isogezwe.

Tunalo la kusema pia kwa mama wakubwa na mashangazi wanaokuja kuuguza. Kwetu pwani mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja, na mikono inayofanya hivyo ni mikono ya upendo. Lakini tumbo lililopasuliwa si tumbo la mzazi. Ngozi iliyo juu na chini ya mshono huwa na ganzi kwa miezi. Haihisi moto, na maji ambayo yangemfanya mtu mzima apige kelele yatamwunguza huyu akiwa ametulia anazungumza. Asikandwe, wala asiwekewe chupa ya maji ya moto. Mkaja nao usifungwe juu ya vazi la kubana alilopewa hospitali, kwa maana vazi hilo lina mkazo uliopimwa, huvaliwa kwa wiki kadhaa kufuata maelekezo, na likizidishiwa huweza kuzuia damu na pumzi. Lisiloruhusiwa lingine ni kumlaza kitandani kutwa kwa huruma. Atembezwe taratibu uani tangu siku ya kwanza anaporuhusiwa, kwa sababu asiyetembea damu humganda miguuni.

Dalili za kurudi hospitali bila kungoja asubuhi ni hizi: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, pumzi kukata ghafla au kifua kuchoma, homa, usaha au harufu katika jeraha, ngozi kuwa nyeusi kando ya mshono, tumbo kuvimba upande mmoja kwa haraka, au damu isiyokoma. Mbili za kwanza huashiria donge la damu, ambalo likihama kutoka mguuni kwenda mapafuni huua. Hospitali iliyo karibu, kama Mwananyamala kwa wakazi wa Magomeni, itafaa kwa dharura hata kama si ndiyo iliyopasua. Ni kwa sababu hiyo hiyo ya donge la damu kwamba anayepasuliwa nje ya nchi hapaswi kupanda ndege ya saa nyingi siku chache tu baadaye, hata kama kifurushi alichouziwa kina tarehe ya kurudi iliyokwisha kukatiwa tiketi.

Uvimbe hupungua polepole. Mwezi wa kwanza tumbo huweza kuonekana kubwa kuliko lilivyotarajiwa, na wapo wanaolia mbele ya kioo wakidhani wameibiwa. Umbo lenyewe hujitokeza baada ya miezi mitatu hadi sita. Kovu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kupoa rangi.

Juu ya makalio tutasema kwa ukali kidogo. Kuhamisha mafuta ya mtu mwenyewe kwenda makalioni kumehesabiwa kuwa miongoni mwa upasuaji wa urembo wenye vifo vingi zaidi duniani. Kikosi kazi cha madaktari wa fani hiyo kilikadiria mwaka 2017 kifo kimoja katika kila upasuaji 3,000 hivi, na mwaka 2018 chama cha madaktari wa urembo cha Uingereza kikawashauri wanachama wake waache kuufanya hadi usalama wake ufahamike vizuri zaidi. Sababu inajulikana: mafuta yakiingizwa ndani ya msuli huweza kuingia katika mishipa mikubwa ya damu na kufika kwenye moyo na mapafu kwa dakika chache. Daktari anayejua hili huishia juu ya msuli. Sindano ya saluni ni jambo la chini zaidi ya hapo. Silikoni ya maji inayodungwa na mtu asiye daktari, katika chumba cha nyuma, haitolewi tena ikishaingia. Husambaa, huleta uvimbe mgumu na vidonda hata baada ya miaka, na huweza kuua siku ile ile. Kwa huduma hiyo hatuna swali la kukupendekezea uulize. Ondoka.

Matiti ya kuwekewa nayo si ya maisha. Vifuko huchakaa au kupasuka, na mwenye kuvipandikiza akiwa kijana atarajie upasuaji mwingine siku za mbele. Adai kadi yenye jina la mtengenezaji na namba ya kifuko: mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vifuko vyake vya BIOCELL kwa kuhusishwa na saratani adimu, na asiye na kadi hawezi kujua kama chake kilikuwamo.

Bima ya afya kwa kawaida haigharimii upasuaji wa urembo, basi makubaliano ni kati ya mteja na mtoa huduma. Yaandikwe. Bei itaje daktari, usingizi, kitanda, dawa, vazi la kubana, ziara za kufunga jeraha, na nani analipa mambo yakiharibika. Chukua nakala ya fomu ya ridhaa, risiti ya EFD na karatasi ya ruhusa, na utunze matangazo yaliyokuvutia kama yalivyo simuni. Lalamiko juu ya mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Juu ya dawa au kifaa tiba, TMDA. Juu ya tangazo la uongo, Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Anayeshindwa kuandika anaweza kuja na nyaraka hizo ofisini kwetu, tukamsaidia kuandika.